Ndoo ya Joto la Mombo

Usiku wa jana niliota, na ninaandika sasa hivi maji ya wali yakiwa motoni, kwa sababu ndoto ni kama barafu za mfuko: ukichelewa unabaki umeshika maji.

Kwanza mjue hali ilivyo. Mimi naishi Mombo, chini, kwenye mpunga na joto. Wifi yangu Ruzuna, dada wa mume wangu, anaishi Magamba, juu kabisa kupita Lushoto mjini, kwenye kabichi na ukungu. Binti yangu Tunu amekaa kwa wifi tangu akiwa darasa la tatu, maana homa za huku bondeni zilikuwa hazimwachi. Akapona, akasoma, na mwaka huu amemaliza kidato cha nne. Sasa wifi anataka abaki hukohuko moja kwa moja. Mimi nataka arudi. Mume wangu anasema mtoto aamue mwenyewe, na Tunu aliahidi kupiga simu leo asubuhi kutoa jibu.

Juzi alipopiga alisema, "Huku kwetu kuna ukungu." Kwetu! Nilipomaliza kuongea naye nilisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Basi, kwenye ndoto, mtu anagonga dirisha la chumbani. Nafungua, namkuta mti wangu wa peasi.

Mti huo niliupanda mwenyewe nyuma ya jiko. Mche niliutoa kwa wifi, siku nilipoona peasi zake zinavyoning'inia. Nina stashahada ya kilimo, najua kabisa kwamba peasi haizai Mombo. Niliupanda hivyohivyo. Kama kwake inazaa, kwangu itakosa nini? Umetoa majani tu miaka yote, kama mgeni anayekula vizuri na hasemi ataondoka lini.

"Mama Tunu," mti unasema, "sijalala tangu uniletee hapa."

"Lala sasa. Nani kakukataza?"

"Kwa joto hili? Mimi nahitaji baridi ndiyo nilale. Nisipolala sichanui, nisipochanua sizai. Ulifundishwa chuoni."

"Nilifundishwa. Ndiyo umekuja kunigongea dirisha?"

"Nimekuja kukuambia kwamba wifi yako amempanda Tunu."

Sikushangaa. Siku zote nilijua wifi anaweza. "Amempanda wapi?"

"Kwenye tuta, kati ya kabichi na karoti. Bado hajashika mizizi vizuri. Leo anammwagilia maji ya mwisho, na akishammwagilia, mtoto hatoki tena."

Kati ya kabichi na karoti ndipo udongo wa wifi ulipo mzuri kuliko kote. Hilo ndilo lililoniuma. Hata kuiba mtoto alikuwa ameiba kitaalamu.

Nikachukua ndoo yangu ya unga, ile yenye mfuniko, nikatoka. Nje ni saa saba mchana. Niko kwenye uwanja wa kuanikia mpunga na sakafu inawaka. Nachota joto kwa kata, najaza ndoo. Joto la Mombo ni zito, lina rangi ya chai ya rangi, linanuka bati na pumba.

"Unalipeleka wapi hilo?" mti unauliza.

"Bustanini kwa wifi. Nalimwaga lote. Kabichi zake zitafunguka kama miavuli mibovu, karoti zitakuwa kamba, halafu namchukua mwanangu."

"Na mimi?"

"Wewe njoo unionyeshe tuta."

Mti ukakusanya mizizi yake kama mtu anayepandisha kanga kuvuka matope, tukaondoka.

Pale barabara inapoanza kupanda mlima kuna kizuizi. Anayekilinda ni mkonge. Amevaa kofia, ameshika kikombe cha bati.

"Mzigo gani huo, mama?"

"Joto."

"Kutoka wapi?"

"Mombo. Si huwa unaniona nikipita?"

"Nakuona, lakini leo una mzigo. Kila ukipanda mita mia tunachukua nusu digrii, na cha juu kidogo."

"Cha juu? Hiyo si rushwa?"

"Cha juu ndiyo sayansi yenyewe. Nusu kamili haijai, kitabu kinasema nukta sita."

Kilichoniudhi ni kwamba ni kweli, niliwahi kujibu swali hilo kwenye mtihani. Nikafunua ndoo. Mkonge akachota, akanywa, akafumba macho.

"La leo limeiva," akasema, akainua mti wa kizuizi.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kwenye kila kona ya mlima amesimama mtu na kikombe chake. Mchungwa anachukua, anasema hapa ndipo mwisho wake, akipanda zaidi anakuwa mkali na watu wanamkunjia uso. Mgomba anachukua mara mbili kwa sababu ana watoto. Mti wa kahawa anachukua kwa kijiko, ananusa kwanza, anaanza kunieleza kwamba yeye hukomaa polepole na ndiyo maana ana harufu.

"Hatujakuuliza," namwambia.

Ndoo inazidi kuwa nyepesi. Naanza kukimbia.

Kwenye kona moja mahindi wamekaa kwenye benchi wanasukana. Wako pale, wabichi, hawana habari na mtu.

"Ninyi mtakomaa lini?" nawauliza. "Wenzenu wa Mombo wameshavunwa, wameshasagwa na wameshaliwa."

"Ndiyo maana wameliwa," mmoja anajibu bila kugeuka. "Kuna haraka gani? Huku kuna baridi, tunakua taratibu. Hata binti yako alikuja anakimbiakimbia, tukamtuliza."

"Mlimtuliza ninyi?"

"Nani mwingine alikuwepo?"

Nilitaka kumpiga mtu kofi lakini mahindi hayana mashavu.

Nageuka kumwita mti wa peasi tuendelee, na barabara haipo. Niko chuoni, chumba cha mtihani, nimekaa kwenye dawati langu la zamani na ndoo imo mapajani. Msimamizi ni kabichi. Ni kubwa, imejifunga vizuri, imevaa miwani.

"Taja mambo yanayoathiri ukuaji wa mmea," inasema.

"Joto, mvua, mwanga, udongo, upepo, na mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari."

"Umesahau moja."

"Sijasahau."

"Wifi."

"Hilo halikuwemo kwenye mtaala."

"Limeongezwa," kabichi inasema. Inachota ndoo yangu kwa kikombe cha chaki. "Na hapa chuoni pia tunachukua, kwa sababu umekaa."

Nasimama ili isichukue tena, na kusimama tu, niko Magamba, kwenye shamba la wifi.

Nisiwe mwongo, ni zuri. Matuta yamepangwa kufuata mlima kama ngazi za msikiti. Udongo mweusi. Kabichi zimekaa mistari mistari, kila moja na umande wake. Mti wa peasi wa wifi uko pembeni na matunda yamejaa mpaka umeegemezwa kijiti. Mti wangu ukautazama, ukajitazama. Nilielewa kabisa unavyojisikia.

Wifi Ruzuna anatoka kwenye ukungu na kopo la kumwagilia. Amevaa sweta juu ya kanga.

"Karibu wifi! Mbona na ndoo? Ulifikiri huku hatuna maji?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mchukue. Ukiweza kumtoa bila kukata mizizi, mchukue."

Tunu yupo, kweli kati ya kabichi na karoti. Udongo umemfika kwenye ugoko. Amevaa sweta la shule. Kwenye nywele ameota majani mawili mapya, mororo, ya kijani kibichi. Ni mrefu kuliko mimi. Nilimwacha hapa akinifika kiunoni, na urefu wote ule umetokea bila mimi kuuona hata siku moja. Peasi ningeweza kumsamehe wifi. Huo urefu, hapana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toka humo."

"Siwezi. Shangazi ametifua vizuri mno."

"Umeona alivyochanua?" wifi anasema, na anamgusa jani kwa ncha ya kidole, mbele yangu. "Alikuja hapa kama mwiko."

"Alizaliwa mnene."

"Kisha akakaushwa."

"Kwani nilimzalia wapi, wifi? Kwenye tanuri?"

"Mombo. Si ni hilohilo?"

Kabichi zikacheka. Kabichi hucheka kwa kusuguanisha majani, inatoa sauti kama viatu vipya. Nikasema moyoni, chekeni, mtanitambua. Nikafunua ndoo.

Humo ndani joto lilikuwa limekwisha. Limebaki kidogo chini kabisa, limejikunja kama kifaranga, limelala.

Wifi akachungulia. "Hilo ndilo la kuniunguzia shamba? Hilo halichemshi yai la kwale."

"Linatosha mstari mmoja," ikasema kabichi yenye miwani, ambayo sasa imo kwenye tuta na wenzake. Kabichi hazidanganyi hata kwa faida yao. "Chagua mstari, mama. Tusicheleweshane."

Nikachagua. Nikachagua mstari wa mbele, ule ulionenepa kuliko yote, ambao mtu yeyote apitaye barabarani anauona na kuuliza ni wa nani. Nikainua ndoo.

"Mama," Tunu akaniita kwa sauti ndogo, shangazi yake asisikie. "Miguu yangu imekufa ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja."

"Mbona hukusema?"

"Shangazi ananifunika blanketi mbili. Yeye mwenyewe anajifunika moja. Ningesemaje?"

Nikazitazama kabichi mara ya mwisho. Zilikuwa zimebana pumzi. Ningeziua kwa raha, sifichi. Halafu nikainama, nikamwaga lile joto lote kwenye shina la mtoto.

Joto likaamka. Likazunguka mara moja kama kuku anayetafuta pa kutagia, likazama kwenye udongo mweusi. Tukasubiri. Udongo ukapasuka kidogo, kikatokea kidole gumba cha mguu, kikachezacheza. Kisha cha pili. Tunu akavuta mguu wa kulia ukatoka wote, na mvuke ukawa unapanda kama kwenye kiazi kilichotolewa majivuni.

"Afadhali," akasema.

Wifi akaweka kopo chini. Akakaa kwenye ukingo wa tuta, akakunja kanga katikati ya magoti.

"Nimempa samadi iliyooza vizuri. Nimempalilia mwenyewe, sikumwachia kibarua. Hakuniambia kama anasikia baridi."

"Anakuheshimu, wifi."

"Basi mimi nibaki na kabichi tu."

Kabichi zikaangaliana. Ziliona ni matusi.

Hapo ndipo niliposikia meno yakigongana. Sauti inatoka nyuma ya nyumba, ka-ka-ka-ka, bila kupumzika.

"Nini hicho?"

"Hakuna kitu," wifi akajibu haraka mno.

"Ni mnazi," mti wa peasi ukasema.

Nikaenda. Nyuma ya choo, mahali ambapo mgeni hafiki, kuna mnazi. Urefu wake ni kama ufagio uliochakaa. Umevalishwa kofia ya sufu, umefungwa blanketi kiunoni, na pembeni yake kuna jiko la mkaa lililozimika. Unatetemeka wote.

"Wifi. Umepanda mnazi Magamba?"

Akanipita, akaiweka sawa ile kofia ya mnazi.

"Niliutoa kwako, ulipokuwa jikoni," akasema. "Kila nikija Mombo nakuta unakuna nazi. Nakuta watu wamejaa barazani kwako, wanacheka, hakuna anayeaga kwa sababu hakuna baridi ya kumfukuza. Huku jua likizama kila mtu anafunga mlango wake. Nikasema kama kwake unaota, kwangu utakosa nini?"

"Mnazi unataka joto, wifi. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Na wewe peasi, mbona hukuniuliza?"

Mti wa peasi ukakohoa.

Nikasikia wivu wangu umeshuka nusu digrii, na cha juu kidogo. Haukuisha. Nilikuwa bado nayaona yale matunda yake na kijiti chake cha kuegemezea. Lakini ulishuka, na nikauvua mtandio wangu nikaufunga shingoni mwa ule mnazi, maana hata kama umeibwa, haukuomba kuletwa huko.

"Ahsante shangazi," mnazi ukasema, meno yakigongana.

"Usiniite shangazi. Kwangu ndiko kwenu."

Tuliporudi kwenye matuta, mti wangu wa peasi ulikuwa umejilaza kwenye tuta tupu na ukungu ukiufunika mpaka kifuani. Ulikuwa unakoroma. Sijawahi kumwona mtu yeyote wa nyumbani kwangu amelala vizuri vile. Sikuuamsha.

Tunu alikuwa bado amesimama, mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Mama, nikishuka si nitakauka?"

"Utatoka jasho."

"Na nikibaki?"

Wifi alikuwa ananitazama. Mahindi walikuwa wamesimama kwenye kona wananitazama. "Utazidi kurefuka," nikasema, na kila neno lilikuwa kama kumeza mbegu ya embe.

"Basi mbona hunivuti?"

Mikono ilikuwa inaniwasha. Kumshika viwiko na kumvuta mara moja tu, pu, ingekuwa imekwisha, mizizi ikatike inapokatika, tungeiangalia huko Mombo. Lakini mche hauvutwi. Unaloweshwa udongo, unasubiriwa, unainuliwa na udongo wake. Hata kama nilisahau yote ya chuoni, hilo siwezi kulisahau.

Nikaweka mikono nyuma. "Mwagilia, wifi," nikasema.

"Nimwagilie?"

"Mwagilia. Udongo ukilainika atatoka mwenyewe. Au atashika zaidi. Ataamua yeye."

Wifi akainua kopo. Maji yakaanza kushuka, nami nikataka kuona mguu wa kushoto unafanya nini, na wakati huohuo barabara ikaanza kujikunja kama mkeka, nikiwa katikati yake.

Nabiringika kuteremka mlima na ndoo yangu. Nampita mti wa kahawa, ananirudishia kijiko chake. Nampita mgomba, anarudisha mara mbili. Mchungwa, kikombe. Kila mmoja anamwaga alichochukua, ndoo inazidi kuwa nzito na ya moto. Chini kabisa mkonge amevua kofia.

"Pokea cha mwisho, mama. Hatuli cha mtu," anasema, na anamwaga.

Moto wa ile ndoo ndio ulioniamsha.

Kumekucha. Simu inalia kwenye kiti. Ni Tunu. Nikaipokea nimekaa kitandani, na sauti yake inanijia kama ya mtu aliyefunikwa pipa.

"Tunu! Sikusikii! Mtandao mbaya!"

Bu bu bu, anasema.

"Nasema sikusikii! Ongea kwa nguvu!"

Mume wangu akageuka. Niliona midomo yake kwanza, ikabidi aongeze sauti. "Mbona unapiga kelele? Mimi huku namsikia mtoto vizuri kabisa."

"Masikio yangu yameziba. Yote mawili."

"Masikio humziba mtu aliyeshuka mlima," akasema. "Wewe hujashuka hata kitanda."

Nilimeza mate kwa nguvu, kama tunavyofanya abiria wote gari likifika bondeni kutoka Lushoto. Sikio la kulia likafunguka, pwa, na sauti ya mwanangu ikaingia, karibu kabisa.

"Mama? Unanisikia sasa? Nauliza, huko bado kuna joto?"

"Lipo."

"Lilelile?"

"Lilelile. Halijapungua."

Nyuma yake nilisikia mtu anaburuta kiti, halafu kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

"Basi nakuja Jumamosi," Tunu akasema. "Lakini mama, shangazi..."

"Mwambie aje na yeye. Akae anavyotaka. Mwambie nitakuna nazi."

Sikio la kushoto lilifunguka baadaye, nikiwa nachagua mchele.